Kilo mbili na nusu kwa siku mbili: uchambuzi wa kisa cha mizani, Ngamiani, Tanga

Mhusika wa kisa hiki ni wa mfano. Tarakimu zake zimepangwa zifanane na zinazoonekana kwa mtu mzima anayeanza kujipima nyumbani, na makosa yake ni yale yanayojirudia kwa wengi. Ni fundi cherehani wa miaka 41, mkazi wa Ngamiani, mwenye kibanda jirani na Soko la Mgandini. Hukaa kwenye cherehani tangu saa mbili asubuhi hadi karibu na magharibi. Urefu wake ni sentimita 158, uzito kilo 84.6, kiuno sentimita 104. Ukizidisha urefu wake kwa mita (1.58 × 1.58) kisha ukagawa kilo kwa jibu hilo, unapata 33.9; kuanzia 30 huhesabiwa unene uliokithiri. Kituo cha afya kilimkuta na presha ya 142 kwa 90 kwa mara ya pili, akaambiwa apunguze mwili kisha arudi. Apunguze kiasi gani, na ajipime vipi, hakuambiwa. Akanunua mizani ya dijitali.

Jumatatu asubuhi alisoma 84.6. Jioni akapita duka la dawa, akapanda mizani ya pale akiwa na dera, mtandio, pochi begani na chakula cha mchana tumboni: 86.3. Akaamini amenenepa karibu kilo mbili kwa kutwa moja. Tangu usiku ule akaacha wali, ugali, mihogo na chapati. Akabaki na chai ya rangi, kachumbari na maharage kidogo. Ijumaa asubuhi mizani ikasema 83.4, roho ikatulia. Ijumaa usiku na Jumamosi kulikuwa na harusi ya mpwa wake. Jumapili asubuhi: 85.9.

Hapo ndipo alipovunjika moyo. Jumapili nzima hakula, usiku wa Jumatatu akakomba wali uliobaki sufuriani, Jumanne akajipima mara tano. Hali hiyo iliendelea wiki tatu, kisha mizani ikasukumwa uvunguni.

Kilo 2.5 za Ijumaa hadi Jumapili zilitoka wapi?

Kwanza tuondoe lisilowezekana. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700. Ili kilo 2.5 zote ziwe mafuta, alihitaji kula kalori 19,250 juu ya zile alizotumia. Sahani iliyojaa ya pilau yenye nyama ina kama kalori 800. Hizo ni sahani 24 za pilau za nyongeza kwa siku mbili, na hakuna harusi ya Tanga, hata ile ya ukarimu wa kupindukia, inayoweza kumlisha mtu mmoja hivyo.

Sasa tuweke kinachowezekana. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, jumla kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hukaa pamoja na kama gramu 3 za maji. Siku tatu bila wanga zilikuwa zimemwaga sehemu kubwa ya akiba hiyo. Pilau na soda zikaijaza upya: tuseme gramu 300 za glaikojeni na gramu 900 za maji, kilo 1.2. Halafu chumvi. Maji ya mwili yana chumvi kama gramu 9 kwa lita, kwa hiyo gramu 4 hadi 5 za ziada kutoka kwenye mishkaki, achari na kachumbari hushika karibu nusu lita mpaka figo zizitoe, na kazi hiyo huchukua siku moja au zaidi. Hiyo ni kilo 0.5. Chakula ambacho bado kimo njiani tumboni na kwenye utumbo, kilo 0.6. Mafuta halisi, ikiwa alizidisha kalori 1,500 kwa siku zote mbili, ni kilo 0.2. Jumla 2.5.

Hesabu hiyo hiyo, kinyumenyume, inaeleza furaha ya Ijumaa. Kilo 1.2 zilizopungua kuanzia Jumatatu zilikuwa maji na utumbo mtupu kwa sehemu kubwa. Alishangilia maji yalipotoka, akajiadhibu maji yaliporudi. Mizani haikumdanganya popote. Yeye aliiuliza habari ya mafuta, nayo inajibu habari ya kila kilichopo mwilini saa ile: damu, mkojo, chai, mifupa na maharage ya jana.

Na ile 86.3 ya duka la dawa haikustahili hata kuandikwa. Mizani nyingine, nguo nyingine, saa nyingine.

Kabla ya kujipima, pima mizani

Alipoirudia mizani mwezi uliofuata, kitu cha kwanza kilikuwa kuikagua. Alikuwa ameiweka juu ya zulia dogo chumbani. Mizani ya aina hii husoma uzito kwa kupinda kidogo kwa vyuma vilivyo kwenye miguu yake minne. Ikikaa juu ya zulia, mkeka au kapeti ya plastiki inayobonyea, miguu huzama na tarakimu huyumba, wakati mwingine kwa kilo nzima na zaidi. Iwekwe juu ya sakafu ya saruji au vigae, mahali pale pale kila siku. Ikisogezwa, ibonyezwe kwa mguu, isubiriwe mpaka isome 0.0, ndipo upande.

Kipimo cha pili ni chupa ya maji ya lita moja na nusu. Jipime, shuka, kisha panda tena ukiwa umeishika chupa. Ongezeko liwe karibu kilo 1.5. Likiwa 0.8 au 2.3, badilisha betri urudie. Likibaki hivyo, mizani hiyo ni pambo.

Kipimo cha tatu watu wengi hawakijui. Mizani kadhaa za bei nafuu zina kumbukumbu: ukipanda mara ya pili na tofauti ikawa ndogo, inakurudishia tarakimu ya mara ya kwanza ili ionekane imara. Ijaribu kwa chupa ya nusu lita. Ukiishika na tarakimu isibadilike hata nukta, mizani ina mchezo huo. Dawa yake ni kuweka juu yake kitu kingine kizito, ndoo ya maji kwa mfano, kabla ya kupanda wewe, ili isahau. Ya kwake ilikuwa nao. Ndiyo maana zile mara tano za Jumanne zilimpa tarakimu moja mara tatu, naye akadhani ni uthibitisho.

Mwenye mizani ya mshale aanze kwa kuuweka mshale kwenye sifuri kwa gurudumu dogo la pembeni, na asome akiwa ameinamisha kichwa wima juu yake. Ukisoma kwa pembeni, mshale unahama.

Utaratibu mpya

Mara moja kwa siku. Baada ya kuamka na kwenda haja, kabla ya kunywa chochote, akiwa na khanga moja ile ile. Tarakimu inaandikwa kwenye daftari lililofungwa kwa uzi ukutani, basi. Hakuna uamuzi wowote wa chakula unaofanywa siku hiyo kwa sababu ya tarakimu hiyo. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lililobadilisha kisa. Kinachomnenepesha mtu wa aina hii si harusi; ni Jumapili ya kushinda njaa inayofuatia, na sufuria ya Jumatatu usiku inayofuatia njaa.

Wiki ya kwanza ilisomeka hivi: 84.9, 84.3, 84.6, 85.2, 84.7, 84.1, 84.4. Jumla 592.2, ukigawa kwa 7 ni 84.6. Angalia: kati ya siku ya juu na ya chini kuna kilo 1.1, na hakuna harusi iliyohusika. Angalia pia kwamba baada ya mwezi mzima wa kujinyima na kujilaumu, wastani ulikuwa sawasawa na kilo za siku ya kwanza kabisa.

Asiyependa kungoja wiki iishe anaweza kutumia mstari wa mwelekeo: chukua mwelekeo wa jana, tafuta tofauti kati yake na kilo za leo, ongeza au punguza sehemu moja ya kumi tu ya tofauti hiyo. Mwelekeo wa jana ukiwa 84.6 na leo mizani ikasoma 85.6, mwelekeo mpya ni 84.7. Harusi nzima inageuka kuwa gramu 100 kwenye daftari. Kwa fundi huyu wastani wa wiki ulitosha, maana kugawa kwa 7 ni kazi ya dakika moja kwa mtu anayekata vitambaa kwa hesabu kila siku.

Wastani wa wiki nane ulikuwa: 84.6, 84.1, 83.8, 84.2, 83.1, 82.8, 82.5, 82.6.

Wiki ya nne ilipanda. Angekuwa bado anaamua kwa jicho, angeacha. Lakini pembeni ya daftari alikuwa ameandika siku za hedhi, na wiki ya nne ilikuwa ile inayotangulia damu, ambapo wanawake wengi hushika maji. Kwa mwanamke anayepata hedhi, ulinganisho wa haki ni wiki kwa wiki inayofanana nayo katika mzunguko. Wiki ya nne na ya nane: 84.2 kwenda 82.6, pungufu ya 1.6. Wiki ya kwanza na ya tano: 84.6 kwenda 83.1, pungufu ya 1.5. Hizo ni kama gramu 400 kwa wiki, bila kelele yoyote.

Kilichopunguzwa jikoni

Nyumba ina watu watano na lita moja ya mafuta ya kupikia ilikuwa inakwisha kwa siku tatu. Lita hiyo ina takriban kalori 8,200. Kwa siku tatu na watu watano, kila mmoja anakunywa, tuseme ukweli, kama mililita 67 kwa siku, karibu kalori 550. Badala ya kupima kijiko kwa kijiko, aliandika tarehe kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito, na sharti likawa chupa ifike siku ya tano. Mililita 40 kwa mtu, kalori kama 330. Nafuu ya kalori 220 kila siku kwa kila aliye ndani ya nyumba, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu mafuta yaliyopungua ni yale ya kukaangia kitunguu na yale yaliyokuwa yakibaki yanaelea juu ya mchuzi. Samaki akaokwa jikoni kwa mkaa siku nyingi, akakaangwa siku chache.

Chai tatu kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe: vijiko 9. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4 za sukari, kalori 16. Kushuka kutoka 9 hadi 3 ni nafuu ya kalori karibu 100, na zaidi kama vijiko vilikuwa vya mlima. Aliondoa kijiko kimoja kila siku kumi, ulimi ukazoea. Soda ya saa kumi, chupa ya mililita 350, ni kalori kama 150. Ikawa maji, na chungwa la Muheza siku za msimu, likiwa limemenywa, si limekamuliwa.

Mafuta 220, sukari 100, soda 150: jumla 470 kwa siku, 3,290 kwa wiki. Gawa kwa 7,700 upate kilo 0.43. Daftari lilisema 0.4. Hesabu haikai vizuri namna hii kila mara, lakini ikipishana sana na daftari, kuna kitu kinaliwa bila kuhesabiwa.

Nazi hatukuigusa kwa katazo. Kumwambia mtu wa Tanga aache tui ni kumfukuza kwenye mpango kabla ya wiki kuisha. Lakini ijulikane: nazi yenye nyama gramu 300 ina mafuta karibu gramu 100, na sehemu kubwa hutoka na tui la kwanza. Kanuni ikawa chungu kimoja cha tui kwa mlo mmoja. Wali wa nazi ukipikwa, maharage yawe ya nyanya. Maharage ya nazi yakipikwa, wali uwe mweupe au ugali. Zamani vyote viwili vilikutana kwenye sahani, na samaki wa kupaka juu yake.

Alitembea pia, dakika 45 hadi saa nzima alfajiri, kuelekea Raskazone na kurudi, kabla jua halijachachamaa. Kwa uzito wake saa moja ya mwendo wa kawaida ni kama kalori 200 zaidi ya kukaa. Matembezi hayo yalifaa presha na usingizi kuliko yalivyofaa mizani, na yalikuja na mtego: akirudi ameloa jasho la unyevu wa pwani, mizani husoma chini kwa nusu kilo au zaidi. Hayo ni maji, yanarudi na bilauri mbili. Ndiyo maana kupima ni kabla ya kutoka.

Wiki ya tisa hadi ya kumi na mbili

82.2, 82.1, 82.2, 82.5. Linganisha na wiki nne nyuma, moja moja: pungufu ya 0.9, kisha 0.7, kisha 0.3, kisha 0.1. Mteremko ulikuwa unakufa taratibu, na jicho tupu lisingeona mpaka mwezi mwingine upite.

Kanuni yake ya uamuzi ilikuwa imeandikwa mapema, kwenye jalada la daftari, wakati kichwa kimetulia. Kila baada ya wiki nne linganisha. Pungufu ya kilo 1 hadi 2.5, usibadilishe kitu. Chini ya kilo 1, tafuta kwanza kilicholegea, ndipo upunguze kimoja tu. Zaidi ya kilo 4, ukiacha wiki mbili za mwanzo ambazo maji hutoka, ongeza chakula, kwa sababu kasi hiyo hula misuli na huleta njaa ya kisasi. Kutungia kanuni hapo hapo ukiwa juu ya mizani ni sawa na kumwachia mtu mwenye hasira aandike barua.

Kilicholegea kilipatikana siku ile ile: chupa ya mafuta. Tarehe zilionyesha siku nne, kisha tatu na nusu. Binti mkubwa ndiye aliyekuwa akipika tangu shule ifungwe, na hakuna aliyemweleza habari ya tarehe. Cha pili kilikuwa viazi karai vya jirani wa kibandani, viwili kila alasiri, ambavyo vilichukua nafasi ya soda bila kuandikwa popote. Cha tatu hakina mkosaji: mwili uliopungua kilo mbili unatumia kalori chache kidogo kuliko awali. Chupa ikarudishwa siku tano, viazi vikawa vya Ijumaa. Wiki ya 16 wastani ulikuwa 81.2, ya 20 ukawa 80.3. Kiuno sentimita 98.

Lengo halikuwa kurudi kwenye gauni la harusi yake. Lilikuwa asilimia 5 ya uzito wa kuanzia, yaani kilo 4.2, kwa sababu kupungua kwa asilimia 5 hadi 10 ndiko kunakojulikana kushusha presha na sukari. Dawa ya presha, ikiwa imeandikwa, haiachwi kwa sababu mizani imeshuka. Hilo huamuliwa kituoni.

Maneno ya watu

Pwani yetu kunenepa kunapongezwa. "Umenawiri!" ni sifa kwa mwenye mwili na kwa mume wake. Kupungua kunaulizwa kwa sauti ya chini, na miaka ya hofu ya ukimwi imeacha alama kwenye swali hilo. Kilo 3 zilipotoka, wifi yake alianza.

"Wifi, mbona umepukutika hivyo? Kuna nini?"

"Nipo salama, wifi. Ni presha, daktari kataka nipunguze. Napunguza pole pole."

Jibu fupi, la kweli, lililoandaliwa mapema. Bila jibu mkononi, mtu huishia kula sahani ya pili ili athibitishe kwamba haumwi. Vivyo hivyo kwa mama mkwe anayekaribisha: kupakuliwa kidogo na kuomba nyongeza humpendeza mwenyeji kuliko sahani iliyojaa iliyoachwa nusu.

Ramadhani ina hesabu yake. Ukijipima kabla ya futari baada ya kutwa ya kiu, unasoma chini mno. Ukijipima asubuhi, daku bado imo. Saa inayofaa ni pale unapoamka kula daku, na tarakimu za mwezi huo zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe tu. Kurudi kwenye ulinganisho wa kawaida kungoje wiki mbili baada ya Idi.

Utaratibu huu haumfai kila mtu. Mjamzito asiufuate, kilo zake zinasomwa kliniki. Mwenye kisukari anayetumia dawa za kushusha sukari au insulini asipunguze chakula kabla ya kuongea na mtoa huduma, kwa maana sukari inaweza kuporomoka. Mwenye moyo uliodhoofu anapaswa kushtuka kwa mruko wa siku chache: kilo 2 ndani ya siku tatu kwake huweza kuwa maji yanayojaa mwilini, aende hospitali. Anayepungua bila kukusudia, asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi 6 hadi 12, akapimwe hata kama anasifiwa. Na yule ambaye tarakimu ya asubuhi humharibia siku, akafikia kujitapisha au kujificha kula, aweke mizani kando kabisa, atumie utepe wa kiuno mara moja kwa mwezi, na azungumze na mhudumu wa afya.

Fundi sasa anapima mara tatu kwa wiki: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwenye jalada la daftari kuna tarakimu moja mpya, 82.3, yaani kilo mbili juu ya wastani wa wiki ya 20. Wastani wa wiki mbili mfululizo ukivuka hapo, chupa ya mafuta inaandikwa tarehe tena na kupima kunarudi kila siku. Chini ya hapo, anakula pilau ya harusi kama wenzake.